Taa ya shaba yenye matundu: jinsi ya kuibuni na kuirenda kwa Blender

Picha ilipendeza mno. Taa ya shaba ya duara, imetobolewa mwili mzima, inaning'inia katikati ya sebule, na kuta zote nne zimejaa madoa ya mwanga kama kitenge cha nukta. Mteja, mama mmoja mwenye nyumba ya kulala wageni Unguja, akalipa nusu siku hiyohiyo. Fundi akatengeneza, taa ikavuka maji, ikafungwa darini. Saa mbili usiku simu ikaita: "Mwanangu, mbona zile nukta hazipo?"

Kweli hazikuwepo. Kwenye video aliyonitumia, kuta zilikuwa na mwanga wa kawaida, umechafuka kidogo hapa na pale. Fundi hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu: kwenye kompyuta niliwasha taa kwa chanzo cha mwanga kisicho na upana wowote, na wao wakafunga balbu ya LED ya kioo cha maziwa, kama ungefunga wewe au mimi.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye balbu, ingawa mafunzo mengi huanzia kwenye umbo. Natumia Blender, programu ya kuunda maumbo ya 3D, kwa kuwa ni ya bure na inakubali kompyuta za kawaida. Yangu ina RAM ya GB 8 na inamudu. Injini ya kurenda, yaani ya kugeuza umbo kuwa picha, ni Cycles, si ile nyingine ya Eevee, maana Cycles hufuatilia miale jinsi inavyodunda kweli. Vitufe nitavitaja kwa majina yaliyoandikwa kwenye programu yenyewe, kwa sababu hayo ndiyo utakayoyatafuta.

1. Pima kabla hujawasha kompyuta

Nenda dukani na futi kamba, na kalipa kama unayo. Balbu ya kawaida, ile inayoandikwa A60, ina kipenyo cha milimita 60 na urefu wa takriban milimita 110. Holda ya kuzungusha, E27, ina uzi wa milimita 27. Ya pini, B22, ina mdomo wa milimita 22. Pima pia unene wa waya, kikombe kinachofunika maungio darini, na bati lenyewe. Nilichotumia kilikuwa bati la shaba ya njano la unene wa milimita 1.

Blender ikifunguka, nenda kwenye Scene, Units, uchague milimita. Usidharau hatua hii. Ukichora taa ya urefu wa mita 4 bila kujua, mwanga wake utasambaa vibaya, na hutajua tatizo liko wapi, kwa kuwa kwa macho umbo litaonekana sawasawa.

Taa tutakayoijenga ni bomba la kipenyo cha sentimita 30 na urefu wa takriban sentimita 40, wazi juu na chini. Matundu yana kipenyo cha milimita 8, na kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya jirani yake ni sentimita 2.

2. Chagua balbu kwa hesabu

Hapa tukae kidogo.

Tundu dogo mbele ya mwanga hufanya kazi kama kamera ya tundu: linatupa ukutani picha ya chanzo cha mwanga, si picha ya tundu. Waliokwenda Rujewa, Mbarali, tarehe 1 Septemba 2016 kuangalia jua likipatwa kipete waliweza kuliona jambo hili kwa kuinamisha macho tu. Mianya ya majani ina maumbo ya kila namna, lakini wakati ule madoa ya mwanga chini ya miti huwa pete, kwa sababu jua lenyewe limekuwa pete.

Basi kila tundu la taa yako litatupa ukutani picha ya balbu. Balbu ikiwa nene, doa litakuwa nene na kingo zake zitafifia. Upana wa kufifia unapatikana hivi: chukua upana wa chanzo, zidisha kwa umbali kutoka tundu hadi ukuta, gawanya kwa umbali kutoka chanzo hadi tundu.

Kwenye taa yetu balbu iko katikati, kwa hiyo hadi tundu ni sentimita 15. Ukuta tuseme uko sentimita 150 kutoka kwenye tundu. Balbu ya maziwa inawaka uso wake wote, yaani upana wa sentimita 6. Sita mara 150 ni 900, gawanya kwa 15, unapata sentimita 60 za kufifia. Na madoa yenyewe yameachana kwa kiasi gani? Matundu yaliyoachana kwa sentimita 2 yanatanuka mara 11 yakifika ukutani (balbu hadi ukuta ni sentimita 165, gawanya kwa 15), yaani sentimita 22. Madoa yanayofifia kwa sentimita 60 hayawezi kusimama mbalimbali kwenye nafasi ya sentimita 22. Yanalaliana mpaka ukuta unakuwa rangi moja. Ndicho alichokiona yule mama.

Sasa weka kapsuli ndogo ya halojeni ya volti 12, ya miguu miwili, ile ya G4. Uzi wake unaowaka tuseme una nusu sentimita. Nusu mara 150, gawanya kwa 15, ni sentimita 5. Doa lina karibu sentimita 9 (tundu la milimita 8 mara 11), kingo laini za sentimita 5, na jirani yake yuko sentimita 22. Nukta zimerudi.

Ukichoka na hesabu, shika kanuni hii niliyomwandikia fundi kwa chaki ukutani kwake: chanzo cha mwanga kiwe chembamba kuliko chuma kinachobaki kati ya tundu na tundu. Kwenye taa yetu chuma hicho ni milimita 12. Nusu sentimita inapita, sentimita 6 haipiti hata kwa rushwa.

Kuna njia nyingine, kupanua nafasi ya matundu badala ya kubadilisha balbu. Lakini ili balbu ya maziwa ifanye kazi ungehitaji matundu yaliyoachana kwa karibu sentimita 7, na taa ya sentimita 30 ingebaki na matundu ya kuhesabu kwa vidole kila mstari. Hiyo ni taa nyingine.

Watu hujaribu pia kwa kutoboa kopo la maziwa kwa msumari na kutia tochi ya simu ndani. Ni jaribio zuri na nalipenda, ila tochi ya simu ina chipu ndogo sana, hivyo itakuonyesha nukta kali ambazo balbu yako huenda isizitoe. Ndivyo nilivyojidanganya mimi mara ya kwanza.

3. Jenga umbo likiwa bapa

Wengi huchukua silinda wakaanza kuitoboa kwa Boolean, yaani kukata umbo kwa umbo jingine, tundu baada ya tundu. Kompyuta itahema na wavu wa umbo utavurugika. Fanya kama fundi: toboa bati likiwa bapa, halafu likunje.

Kipenyo cha sentimita 30 kinakupa mzingo wa milimita 942.5. Gawanya kwa safu 47, kila safu inapata milimita 20.05. Chora kigae kimoja cha mraba wa milimita 20.05 chenye tundu la milimita 8 katikati. Tundu liwe na pembe zisizopungua 24, la sivyo ukisogeza kamera litaonekana limekatwa kwa mkasi. Kisha tumia Array, inayorudia kigae, mara mbili: 47 kwenda upande, 20 kwenda juu, na uwashe Merge ili vigae vishikane. Umepata bati lenye matundu 940. (Nilipomtajia fundi idadi hiyo aliweka chini kikombe cha chai. "Kaka, mia tisa?" Jiandae kwa mazungumzo hayo, maana bei hupangwa kwa tundu.)

Fuatisha Simple Deform, chagua Bend, digrii 360. Likikunjika upande usiotaka au likazunguka kama konokono, karibu kila mara sababu ni kwamba umelizungusha bati bila kuthibitisha mzunguko. Bonyeza Ctrl na A, chagua Rotation, ujaribu tena. Baada ya kukunja ndipo uweke Solidify, yaani unene wa bati, ya milimita 1. Mwisho Bevel, inayopunguza ukali, ya milimita 0.2 kwenye kingo. Kingo hizo ndizo zinazodaka mwanga kwenye kila tundu, na bila hizo shaba inaonekana kama karatasi ya zawadi.

Usisahau mshono. Bati halisi lina mahali ncha mbili zinapokutana, zikapandana kwa sentimita 1 na kushikwa kwa ribiti au kulehemiwa. Picha nyingi za taa kwenye mtandao hazina mshono, na jicho la mtu aliyewahi kushika bati linaligundua hilo hata kama mdomo hausemi. Uweke, kisha uugeuzie nyuma, kama fundi mwenyewe angefanya.

Holda, waya na minyororo vichore vya kutosha tu. Waya uwe na mkunjo mdogo karibu na kikombe cha darini. Hakuna waya unaonyooka kama rula.

4. Shaba iwe shaba

Kwenye Principled BSDF, mahali pa kupanga uso wa kitu, weka Metallic 1. Rangi ya shaba ya njano ni nyepesi kuliko unavyodhani: nyekundu 0.91, kijani 0.78, bluu 0.42. Ukiifanya nyeusi au ya chungwa kwenye kitufe cha rangi, mwanga wa balbu utaongeza chungwa lake na utapata rangi ya karoti. Roughness, yaani ukwaru, ianze 0.3.

Halafu ivunje usawa. Unganisha Noise Texture kwenye Roughness ili ipande na kushuka kati ya 0.25 na 0.4, hapo utapata ile hali ya chuma kilichofutwa kwa kitambaa na mkono wa mtu. Ndani ya bomba iwe na ukwaru zaidi, 0.5 au hata 0.6, kwa kuwa hakuna fundi anayesugua ndani. Taa ikikaa pwani, chumvi ya hewa huifanya hudhurungi kwanza na baadaye kijanikijani kwenye maungio. Ni rahisi kunogewa na uchakavu huu. Kama mteja ananunua taa mpya, mwonyeshe taa mpya.

5. Washa

Weka Point Light katikati ya bomba, na Radius iwe milimita 2.5, yaani kipenyo cha nusu sentimita tulichokihesabu. Hicho ndicho kitufe kilichoniponza.

Nguvu sasa. Wati za Blender si wati za kwenye boksi la balbu. Boksi linahesabu umeme unaoingia, Blender inahesabu mwanga unaotoka. Balbu ya lumeni 800 ni kama wati 2 tu za Blender. Kapsuli ya G4 ya wati 20 inatoa takriban lumeni 300, kwa hiyo andika 0.8. Chumba kitakuwa giza totoro na mkono utakuwasha kuandika 500. Usiandike. Nenda Color Management upandishe Exposure hatua moja moja, kila hatua ikiongeza mwangaza mara mbili, kama mpiga picha anavyofungua kamera usiku. Ukifanya hivyo, siku utakapoongeza taa ya pili kwenye chumba, uwiano wao utakuwa wa kweli bila kubahatisha.

Rangi ya mwanga itoke kwenye nodi ya Blackbody: halojeni kama 2900, LED ya manjano 2700, mshumaa karibu 1900. Picha itaonekana ya chungwa mno, na si kosa. Jicho la mtu aliyekaa chumbani hulizoea chungwa hilo, ila programu hailizoei. Matoleo mapya ya Blender yana White Balance kwenye Color Management. Kwenye toleo la zamani mimi huongopa kidogo kwa kupandisha Blackbody hadi 3800 au 4000. Hakikisha pia View Transform, inayogeuza mwanga kuwa rangi za skrini, ni AgX, iliyoanza kuwa chaguo la kawaida kuanzia toleo la 4.0, au Filmic kwenye la zamani. Ile ya Standard huunguza eneo la balbu likawa doa jeupe lisilo na kitu ndani.

Kapsuli yenyewe ina kioo, na hapa wanaoanza hukwama: mwanga ulio ndani ya kioo Cycles huuona umefungiwa, na chumba kinakuwa na giza na chengachenga. Chagua kile kioo, nenda Object, Visibility, uondoe alama kwenye Shadow. Kioo kitaonekana kwenye kamera lakini hakitazuia miale. Fanya hivyo hivyo kwa uzi mdogo unaowaka uliouchora kwa ajili ya macho. Kazi ya kuangaza iachie Point Light.

6. Chumba ndicho nusu ya taa

Taa yenye matundu bila ukuta ni kopo. Jenga chumba kamili, kuta nne, sakafu na dari, hata kama kamera itaona kuta mbili tu, kwa sababu mwanga unadunda kutoka kuta usizoziona. Ukuta wa chokaa upe weupe wa 0.8. Ukiupa 1, mwanga hautapungua kamwe kwa kudunda na chumba kitang'aa kama ndani ya friji.

Kamera iwe kwenye kimo cha macho, mita 1.5 au 1.6, lenzi ya milimita 35. Na saa ninayoipenda ni magharibi, muda mfupi baada ya jua kuzama: dirisha linaingiza buluu hafifu, taa imeshawashwa. Mchana taa inashindwa na jua. Usiku wa manane shaba inapotelea gizani na yanabaki madoa peke yake. Magharibi mteja anaona chuma na mwanga kwa pamoja.

7. Renda

Majaribio fanya kwa sampuli 64 (miale inayopigwa kwa kila nukta ya picha), ukubwa nusu. Ya mwisho 1000 inatosha, ukiwa na Denoise, inayosafisha chenga. Lakini tazama madoa yaliyo mbali ukutani kwa karibu, maana Denoise ikipewa sampuli chache huyafuta ikidhani ni chenga. Ukiona yameyeyuka, ongeza sampuli, usiongeze kusafisha.

Jambo moja usiliguse: Reflective Caustics, yaani mwanga unaodunda kwenye chuma kabla ya kufika ukutani. Mafunzo mengi yanashauri uizime ili kazi iende haraka. Kwa taa hii ni hasara. Piga hesabu: eneo la tundu ni karibu milimita za mraba 50, la kigae ni 402, kwa hiyo uwazi ni kama sehemu moja ya nane. Mwanga unaopiga bati, sehemu saba katika nane, unagonga shaba ya ndani na kudunda kabla ya kutoka kwa matundu, juu au chini. Ukizima kitufe hicho, mwanga huo uliodunda haufiki ukutani, na chumba kinakuwa cheusi kuliko kitakavyokuwa kwa yule mama. Zikitokea nukta kali zisizo na maana, weka Clamping Indirect kwenye 10 na Filter Glossy kwenye 1, uendelee.

Hifadhi faili kabla ya kubonyeza F12, kitufe cha kurenda. Umeme haukuulizi.

8. Mpelekee fundi karatasi, si picha

Kwa kuwa ulilijenga bati likiwa bapa, zima Simple Deform na unayo ramani ya kukatia. Weka kamera ya Orthographic, isiyopotosha vipimo kwa umbali, juu yake, uitoe kwa kipimo halisi na uichape kwenye A4, asilimia 100, bila kuruhusu printa ikupunguzie ili itoshe ukurasa. Zitatoka kama karatasi 12 za kuunganisha kwa gundi, pamoja na ile sentimita 1 ya mshono. Weka rula juu yake: safu 10 lazima zipige milimita 200 na nusu. Zikipiga 194, printa imekuibia.

Karatasi inabandikwa juu ya bati, kila katikati ya tundu inapigwa alama kwa msumari na nyundo ndogo ili drili isiteleze, kisha inatobolewa kwa ncha ya milimita 3 kwanza, halafu ya 8. Kwenye ukurasa wa kwanza, juu, kwa herufi kubwa kuliko zote, andika aina ya balbu: G4, volti 12, wati 20, kioo angavu. Na chini yake mchoro mdogo wa transfoma ndani ya kikombe cha darini, na nafasi ya hewa juu ya kapsuli, kwa sababu halojeni ina moto.

Taa ya Unguja ilibadilishwa holda kwa nauli yangu ya boti. Jioni ile mama alizima taa zote za ukumbini, akaiwasha, akasimama akiangalia ukuta. "Haya sasa," alisema, kisha akauliza kama naweza kumfanyia na ya chumba cha pili.